Vichupa Vilivyotazamana

Saa tatu asubuhi faili la kifo cha Fundi Bonge lilikuwa limebakiza kitu kimoja tu, sahihi ya Inspekta. Mkuu wa kituo alilileta mwenyewe, akalibwaga mezani na kulipiga kofi kama anayefukuza nzi.

"Gari la mahakamani linaondoka saa nane kamili mchana, na huyo mjane awe ndani. Nane kamili, Taratibu. Siyo nane na taratibu zako."

Kituo kizima kilimwita Taratibu. Wengine walisema ni kwa sababu hawezi hata kunywa chai bila kuandika saa aliyoinywa, wengine wakasema ni goti lake la kushoto, linalomfanya atembee kama mtu anayepima kiwanja. Mwenyewe hakuwahi kuuliza. Alivuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza upya, ingawa jana yake alikuwa amelisoma faili hilohilo mara mbili.

Ushahidi ulikuwa umekaa vizuri mno. Marehemu alikuwa fundi wa makufuli, miaka sitini na moja, mwili mkubwa kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaani. Alianguka ndani ya kibanda chake cha kazi, ufunguo ukiwa bado mkononi. Daktari wa polisi aliandika: mshipa wa moyo umeziba, kuta za mishipa zimekakamaa kama ganda la yai, sumu hakuna. Kwa miaka tisa Bonge alikuwa akimeza vidonge viwili kila siku, kimoja cha presha na kimoja cha kuzuia mafuta yasigande mishipani. Katika damu yake hakikukutwa hata kimoja. Vyote viwili vilikutwa katika damu ya mkewe.

"Hii ni nyama ya ulimi, afande," alisema Koplo, mama wa watoto watatu mwenye mdomo usiolala. "Haina mfupa. Tia sahihi tukanywe chai."

"Ndiyo maana siielewi."

"Wewe ukikuta mlango uko wazi, badala ya kuingia unauliza kwa nini haukufungwa."

"Mwite huyo mwalimu."

Mwalimu alikuwa dada wa marehemu, mstaafu wa hesabu, na ndiye aliyemshitaki wifi yake siku ya pili baada ya mazishi. Aliingia na daftari, akakaa wima kama yuko mbele ya darasa.

"Mwalimu, ulijuaje kwamba kaka yako hakuwa anameza dawa?"

"Nilihesabu." Alifungua daftari. "Kila tarehe mosi anapewa vidonge sitini. Viwili kwa siku. Tarehe ishirini na mbili asubuhi, watu wamejaa msibani, natafuta sukari jikoni, nakuta kopo lake limo ndani ya mkoba wa mke wake. Nikamimina, nikahesabu. Kumi na nane. Siku ishirini na moja mara mbili ni arobaini na mbili. Sitini toa arobaini na mbili, unabaki na ngapi?"

"Kumi na nane," alisema Inspekta kwa utii.

"Sasa kaka yangu kafa tarehe kumi na tisa. Nani kameza vya tarehe ishirini? Nani kameza vya ishirini na moja? Mtu yuko kwenye msiba wa mumewe, anameza dawa za maiti!" Alilifunga daftari. "Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Hilo halihitaji hata daftari."

"Uliwahi kuwaona wakigombana?"

Mwalimu alitazama dirishani. Alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hapendi kuandika jibu ambalo hakulipata.

"Hapana. Walikuwa wanachekana tu. Bonge na Njiti, ndivyo mtaa ulivyowaita. Ndicho kinachoniuma."

Inspekta alimshukuru, akamwomba asubiri kwenye benchi la nje. Kisha akainua simu, akampigia mwenye duka la dawa. Maelezo ya mtu huyo yalikuwa ukurasa wa saba na yalitosha kumfunga mtu yeyote: mjane alikwenda dukani wiki sita kabla ya kifo, akauliza mtu akiacha vidonge hivi atakaa muda gani kabla hajadhurika.

"Wewe ulimjibu nini?" aliuliza Inspekta.

"Nilimwambia inategemea mishipa yake. Kama ni safi na presha imetulia, huenda asidhurike."

"Yeye akasemaje?"

"Akashusha pumzi. Yaani kama mtu aliyetua gunia. Akaniuliza habari za watoto, akaondoka."

"Mbona la kushusha pumzi halimo humu?"

"Sikuulizwa, mkuu."

Inspekta aliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa wa saba. Koplo alichungulia, akasoma, akaguna. "Muuaji naye akihakikishiwa kwamba mambo yatakwenda polepole anaweza kushusha pumzi."

"Anaweza. Twende tukamuulize."

Mjane aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, chumba chenye meza moja, viti vitatu na ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega. Koplo alimfungua pingu bila ufunguo. Zilikuwa zimebanwa hadi jino la mwisho, lakini mkono ulichomoka wenyewe.

"Hizi pingu zinamvaa tu kwa heshima," alinong'ona Koplo.

"Mama," alianza Inspekta, "hizo dawa."

"Alinipa mwenyewe. Nimeshasema mara tatu."

"Sema ya nne. Anzia mwanzo."

Mjane alianza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuaminika nusu nusu. Miezi minne iliyopita watu wa utafiti walipita mtaani wakitafuta wenye umri wa zaidi ya miaka arobaini na tano, wanene kwa wembamba, watolewe damu. Walitaka kujua ni protini zipi ndani ya damu zinazotangulia uzee, unene na kukakamaa kwa mishipa. Yeye na mumewe walikwenda pamoja, wakaketi benchi moja, wakatolewa damu mmoja baada ya mwingine. Bonge alifumba macho kama mtoto. Baada ya miezi miwili zikaja barua mbili.

"Yake ilisema mishipa yake ni ya mtu wa miaka arobaini na nne. Alicheka mpaka majirani wakaja. Mimi nina arobaini na nane. Yangu ikasema mishipa yangu ni ya mtu wa miaka sabini na miwili, niende kwenye kliniki ya moyo haraka. Nikaenda. Wakanipa tarehe, baada ya wiki kumi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akasema, Njiti wangu, mimi dawa zimeshamaliza kazi yake, sasa ni zamu yako, tukifika tarehe yako watakupa za kwako. Nikakataa. Nikaenda hadi kwa mwenye duka la dawa nimuulize kama kuna hatari. Akaniambia kama mishipa ni safi, hakuna. Na barua ilisema ni safi. Basi. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea vidonge kiganjani, anasimama palepale na kikombe cha maji, haondoki mpaka nimemeza."

"Na baada ya yeye kufa ukaendelea."

"Nina watoto watatu, afande. Baba yao kafa ghafla, na barua inasema mimi ndiye wa kufa. Ulitaka nifanyeje?"

Inspekta alichukua barua ya mjane kutoka ndani ya faili. Alikuwa ameisoma kama mpelelezi, akitafuta sababu ya kuua, na sababu aliipata: mwanamke mgonjwa anayetamani dawa ya mumewe. Hakuwa ameisoma kama barua. Sasa aliifuata mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Protini ya kukakamaa kwa mishipa: juu sana. Protini ya uvimbe wa ndani: juu. Protini ya mafuta ya mwili: juu sana. Chini yake mtu mwenye huruma aliandika maelezo kwa wasio wasomi: protini hii hutolewa na mafuta ya mwili wenyewe, na kadiri mwili unavyonenepa ndivyo inavyozidi katika damu.

Alisoma mstari huo mara mbili. Akamtazama mjane, akatazama zile pingu mezani.

"Mama, samahani kwa swali hili. Una kilo ngapi?"

"Arobaini na sita. Nikishiba."

"Na barua ya marehemu iko wapi?"

"Kaibandika ukutani kibandani, juu ya funguo. Kila mteja lazima aisome kwanza ndipo achongewe."

Koplo alikwenda na kurudi baada ya dakika ishirini, barua ikiwa na matundu ya misumari kwenye pembe nne na alama za vidole vyenye grisi. Waliziweka mbili sambamba. Bonge, kilo mia moja na ishirini na moja siku ya kupasuliwa, protini ya mafuta: chini, kama ilivyo kwa watu wembamba.

"Ngoja," alisema Koplo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuongeza neno.

"Daktari wa polisi kasema kuta zimekakamaa kama ganda la yai," alisema Inspekta. "Mishipa ya mtu wa miaka arobaini na nne haiwezi kugeuka ganda la yai kwa miezi minne. Mmoja kati ya daktari na barua hii anasema uongo, na daktari aliishika ile mishipa kwa mkono wake. Kile kichupa cha damu ya mama mliyoipima dawa, kimebaki kitu ndani?"

"Nusu. Kiko kwenye friji ya daktari."

"Kifuate. Kiandikie saa uliyokichukua, tutakutana huko kwenye utafiti."

Ofisi ya utafiti ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye ngazi nyingi kuliko goti la Inspekta lilivyopenda. Daktari wa utafiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umesahauliwa kichwani. Aliwapokea vizuri, akazipokea barua vizuri zaidi.

"Hizi ni zetu. Nimeziandika mimi."

"Unawajua watu hawa?"

"Nazijua namba zao. Wao wenyewe sitakiwi kuwajua. Ndiyo kanuni, ili mwandishi wa barua asimpendelee mtu wala kumwonea."

"Kwa hiyo ulipoandika hii hukujua kama huyu ni mnene au mwembamba."

"Namba haina tumbo, Inspekta."

"Hii ina tumbo," alisema, akaisogeza barua ya mjane. "Mwenye barua hii ana kilo arobaini na sita."

Daktari alianza kwa kutabasamu. Alieleza kwamba wembamba siyo kinga, kwamba amewaona watu kama ufito wenye mishipa migumu, na kwamba uzee wa mishipa hauonekani usoni. Halafu kidole chake kikafika mstari wa tatu na maneno yakapungua yenyewe.

"Hapana," alisema. "Mishipa, sawa. Lakini protini ya mafuta kiasi hiki kwa kilo arobaini na sita... Hii ni ya mtu wa zaidi ya mia."

"Kipimo cha protini hiyo moja mnaweza kukifanya hapahapa?"

"Saa moja na nusu."

Koplo alikuwa amefika na kichupa ndani ya boksi la barafu. Daktari alikichukua kwa mikono miwili, akatoka.

Waliachwa na mtaalamu wa maabara, mwanamume wa miaka arobaini hivi, nadhifu, mikono yake haitetemeki. Wenzake walimwita Sekunde kwa jinsi alivyofanya kazi haraka, na alilivaa jina hilo kama nishani. Inspekta alimwomba daftari la maabara la siku ile. Mbele ya tarehe kulikuwa na namba sita za washiriki na, kwa mwandiko safi, maneno haya: umeme umekatika dakika ya sita, mzunguko umerudiwa.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alisema Inspekta.

Sekunde aliwapeleka kwenye mashine iliyo mfano wa sufuria lenye kifuniko kizito. Ndani mlikuwa na gurudumu lenye matundu sita. "Damu ikishatolewa inaingia humu, inazungushwa, chembe nyekundu zinakwenda chini, maji ya damu ya rangi ya manjano yanabaki juu. Hayo ndiyo yenye protini. Tunayavuta, tunayatia kwenye vichupa vidogo, tunagandisha. Sharti gurudumu liwe na uzito sawa pande zote. Kila kichupa kiwe na mwenzake kinachotazamana naye. La kwanza linatazamana na la nne, la pili na la tano, la tatu na la sita. Usipofanya hivyo mashine inacheza ngoma."

"Matundu yana namba?"

"Zilikuwepo. Dawa ya kusafishia imezifuta. Lakini hazina haja, mashine ikimaliza inasimama yenyewe tundu la kwanza likiwa mbele yako. Kila mara. Hivyo lililo mbele ndilo la kwanza, unaenda kwa zamu."

"Na ukivuta yale maji, unasoma jina kwenye kichupa kikubwa?"

Sekunde alisita kidogo tu. "Vichupa vidogo vinakuwa vimeshabandikwa namba na kupangwa. Wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Tunafuata mpango. Ukisoma moja moja nusu saa inapita na damu inaharibika."

"Tufanye siku ile ilivyokuwa. Tia maji."

Sekunde alijaza vichupa sita maji, akavibandika namba, akavipanga, akawasha. Mashine ikanguruma. Dakika ya sita Inspekta alimwonyesha Koplo swichi ya ukutani, naye akaizima. Mngurumo ulishuka polepole, ukawa mluzi, ukafa. Sekunde alifungua kifuniko kwa ufunguo wa dharura na kuvitoa vichupa na kuvisimamisha kwenye kibao cha pembeni, kama inavyotakiwa, kuangalia kama damu imetibuka. Koplo aliwasha umeme. Sekunde alichukua kichupa namba moja, akanyoosha mkono kukirudisha kwenye tundu lililo mbele yake.

Mkono ukabaki hewani.

"Mashine ikimaliza, inasimama tundu la kwanza likiwa mbele," alisema Inspekta kwa upole. "Na umeme ukikatika?"

"Inasimama popote," alisema Sekunde.

"Siku ile ilisimama nusu mzunguko. Tundu la nne mbele yako. Ukatia humo kichupa cha kwanza. Ukawasha, ikamaliza salama, ikasimama pale inaposimama siku zote. La kwanza mbele. Ndani yake kulikuwa na nani?"

Sekunde alikuwa akilitazama gurudumu.

"Nani, ndugu yangu?"

"Wa nne."

"Nani alikuwa wa kwanza siku ile?"

Sekunde, ambaye ndiye aliyewatoa damu na kutunza orodha ya majina na simu zao, alisoma kwenye daftari ingawa hakukuwa na haja. "Fundi makufuli. Nilimuweka atazamane na mkewe. Damu yao ilikuwa usawa mmoja kwenye vichupa. Nikasema hata humu ndani waonane." Alijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine kabisa.

Inspekta hakuwa mtu wa kuridhika na jaribio moja. Kama alikuwa sahihi, wote sita walikuwa wamebadilishana na waliotazamana nao. Wa pili alikuwa mpishi wa shule, na wa tano mlinzi wa benki. Alimpigia mpishi.

"Mama, barua yako ya utafiti inasemaje kuhusu protini ya mafuta?"

"Inasema ni kidogo kama ya mtu aliyekonda!" Mpishi aliangua kicheko kilichojaza chumba. "Nimewaonyesha mashoga zangu wote. Mimi ambaye mlangoni napita ubavu!"

"Usile raha sana, mama. Utapigiwa simu na daktari leo. Ukipigiwa, uende."

Mlinzi alijibu kwa ufupi wa watu wa kazi yake. Barua yake ilisema yeye ni mnene. Mkanda wake, alisema, alikuwa ameutoboa tundu la ziada kwa msumari, na mke wake alikuwa amemnyima mayai tangu barua ilipofika.

Saa saba kasorobo daktari alirudi na karatasi moja. Hakukaa. "Damu hii ina protini ya mafuta chini kabisa," alisema. "Inalingana na ile barua ya ukutani."

Inspekta alipiga simu kituoni, akamwambia mkuu kwamba hakuna mauaji. Mkuu alitukana kidogo, akasema basi amfungulie mashitaka huyo wa maabara. Ndilo hasa Inspekta alilokuwa akilitafuta kwenye sheria zote alizozikariri kwa miaka thelathini. Daktari alimwonyesha karatasi aliyoisaini Bonge siku ya kutolewa damu: majibu haya ni ya utafiti, si ya tiba. Akamwonyesha mstari mdogo chini ya kila barua: usibadilishe dawa bila ushauri wa daktari. Akamwonyesha mwongozo, ambao haukuwa na neno hata moja kuhusu umeme kukatika. Sekunde alikuwa ameketi kwenye stuli, vidole vimekumbatiana, akisubiri kukamatwa. Hakuna aliyemkamata. Ilionekana kumtesa zaidi.

"Swali moja la mwisho," alisema Inspekta mlangoni. "Kama angeendelea na vidonge vyake?"

Daktari alivua miwani ya machoni, akagundua ule wa kichwani, akaushika mkononi pia. "Vilimshikilia miaka tisa. Sina sababu ya kusema visingemshikilia wa kumi. Andika hivyo ukitaka."

Garini Koplo alipunguza mwendo walipokaribia kituo.

"Lazima aambiwe?" aliuliza. "Afande, kuna haja? Mwambie tu ushahidi haukutosha, aende zake akalee watoto."

"Anameza dawa asiyoihitaji. Akitoka leo bila kujua, kesho asubuhi ataimeza. Na hati ya kumwachia ina sehemu ya sababu, na yeye ndiye anayeisaini."

"Taratibu," alisema Koplo, na safari hii halikuwa jina.

Mwalimu bado alikuwa benchi la nje. Inspekta alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa kuwa alijua mwalimu wa hesabu hahitaji mengi. Alisikiliza hadi mwisho. "Hesabu zangu zilikuwa sawa," alisema. "Zilikuwa sawa kabisa," Inspekta alimjibu. Mwalimu alilifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

Ndani ya chumba cha mahojiano mjane aliisoma hati polepole. Inspekta alikuwa ameandika kila kitu, mashine, umeme, tundu la kwanza na la nne, kwa sababu hivyo ndivyo hati inavyoandikwa. Mjane alipomaliza aliirudia sehemu ya katikati.

"Kwa hiyo barua yangu ilikuwa yake."

"Ndiyo, mama."

"Na ya kwake ilikuwa yangu. Mimi ndiye mzima."

"Ndiyo."

Nje dereva wa gari la mahakamani alikuwa akiwapakia washitakiwa wengine, wakisikika wakiitwa mmoja mmoja.

"Kuna siku nilikificha kimoja chini ya ulimi," alisema mjane. "Nilikuwa nimechoka navyo, vinanipa kizunguzungu. Nikataka nikakiteme uani. Akakiona. Akanigombeza, afande, tangu asubuhi mpaka jioni. Miaka ishirini na sita sijawahi kumwona kakasirika namna ile. Aliniambia, unataka kuniacha na nani?" Alikunja hati, akaikunjua. "Ningemkatalia kabisa. Ningekaza meno. Angevimeza mwenyewe, si ndiyo? Hakupenda kitu kiharibike. Angevimeza, angekuwepo?"

Katika miaka thelathini Inspekta Taratibu hakuwahi kusema ndani ya chumba kile jambo ambalo hakuwa na ushahidi wake.

"Hapana," alisema. "Saa yake ilikuwa imefika tu."

Mjane alimtazama kwa namna mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyevunja kitu.

"Siku nne unanihoji, hujanidanganya hata mara moja," alisema. "Ukaanza leo?"

Inspekta aliinamisha kichwa. Koplo aligeukia ukuta.

"Hapa nisaini?"

"Hapo chini, mama. Halafu uko huru."

Alishika kalamu. Kidole chake kilipita juu ya mstari wa sababu, kikasimama. "Hapa mmeandika hakuna kosa lililotendeka."

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Futa hapo."

"Siwezi kufuta, mama."

"Basi andika kwamba nilizimeza. Andika siku zote. Wifi yangu anazo hesabu, atakusaidia."

"Kuzimeza si kosa."

"Mimi sijakuuliza kama ni kosa."

Alilaza kalamu juu ya karatasi bila kusaini, akaiweka mikono yake miwili mapajani. Gari la mahakamani liliwashwa, likarudi nyuma, likatoka getini bila yeye, saa nane na dakika mbili. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mwalimu alitokea hapo na daftari lake, akasema, "Wifi," lakini mjane hakugeuka. Inspekta alizijua fomu zote za kituo kile, za kumwingiza mtu na za kumtoa, za mali zake na za maiti yake, na hakukumbuka hata moja ya jambo hili. Alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza.